Moto Mdogo, Uangalifu Mkubwa: Kupika Nyama ya Nguruwe kwa Maharage, Pilipili na Bia

Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Dumila, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika mfululizo wa elimu kwa mlaji



Nimekuja kuzungumza juu ya chungu kimoja tu. Mama lishe mmoja wa hapa Dumila alituuliza swali ambalo tuliona linastahili kujibiwa mbele ya watu wengi. Alisema ameona katika simu mapishi ya kigeni yaitwayo chili: nyama ya nguruwe, maharage mekundu, nyanya, pilipili na chupa ya bia, vyote vikiachwa viive taratibu kutwa nzima. Amejinunulia jiko la umeme lenye kitufe cha kupikia polepole. Je, anaweza kutia vitu vyote asubuhi, akafunika, akaenda sokoni, na jioni akakuta chakula tayari kwa wateja wake?

Jibu letu lilikuwa fupi: nyama, ndiyo, maharage, hapana, bia, inategemea nani atakula. Mazungumzo yangu ya leo ni ufafanuzi wa jibu hilo.

Kabla sijaendelea, natambua kwamba miongoni mwenu wapo ambao imani yao hairuhusu nyama hii wala bia. Nawaomba kwa heshima msiondoke. Sehemu ya maharage inawahusu wote, kwa kuwa hakuna nyumba hapa isiyopika maharage. Na katika sehemu ya nyama mtaona kwamba yupo mdudu anayetoka kwa nguruwe na kumfikia hata mtu ambaye hajawahi kuionja nyama hiyo maishani mwake.

Chungu chenyewe

Chili ni mchuzi mzito wa nyama na pilipili wenye asili ya upande wa Texas, kusini mwa Marekani, jirani na Mexico. Jimbo hilo lilikitangaza kuwa chakula chake rasmi mwaka 1977, ingawa wenyeji wengi wa huko hawataki kabisa kuona maharage ndani yake. Kwetu hapa chakula hiki si kigeni sana. Bibi zetu walijua kuacha chungu juu ya makaa yanayofifia mpaka nyama ilainike yenyewe. Kilichobadilika ni chombo.

Tangu Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, majiko ya umeme yameingia katika nyumba nyingi. Ni jambo jema. Lakini mlaji anatakiwa kufahamu tofauti moja kubwa. Jiko la presha hufunga mvuke ndani, na joto lake hupita nyuzi 100 za Selsiasi. Jiko la kupikia polepole hufanya kinyume chake: hupandisha joto kidogo kidogo, na kwa saa nyingi chakula hukaa chini ya kiwango cha kuchemka. Yapo majiko yenye vitufe vyote viwili katika chombo kimoja. Mtu akikosea kitufe, amebadilisha mapishi yote bila kujua.

Maharage: hapa ndipo penye hatari

Niruhusuni niseme jambo lililonipata mwenyewe. Katika mwaka wangu wa mwisho wa chuo tulikuwa vijana wanne tuliopanga nyumba moja Morogoro mjini. Jumapili moja tulitia maharage mekundu, nyama na viungo katika jiko jipya la mwenzetu, tukabonyeza moto mdogo, tukaondoka. Tuliporudi nyumba nzima ilikuwa inanukia. Maharage yalikuwa na ugumu kidogo katikati, nasi tukasema pengine ndivyo yalivyo mapishi ya kisasa. Hazikupita saa 3 sote wanne tulikuwa tunatapika.

Kesho yake, nikiwa bado nimelegea, nilikwenda kwa muuza nyama nikamsema vikali mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia nyama iliyooza. Yule mzee hakunijibu neno. Baadaye, nilipoanza kazi hii, nilifundishwa dalili za sumu ya maharage yasiyochemshwa, na kila dalili niliyosomewa ilikuwa ya siku ile. Nilirudi kumtafuta nimwombe radhi. Banda lilikuwa limefungwa, na majirani hawakujua alikohamia. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Ndugu wananchi, maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya protini ambayo wanasayansi huiita lektini. Punje 4 au 5 mbichi zatosha kumwangusha mtu. Kichefuchefu na kutapika huanza kati ya saa 1 na saa 3 baada ya kula, kisha hufuata kuhara na maumivu ya tumbo. Walio wengi hupata nafuu siku hiyohiyo, lakini kwa mtoto mdogo au mzee, kupoteza maji mwilini si jambo la kupuuzwa.

Sumu hiyo huharibika kwa kuchemka. Haiharibiki kwa kupashwa joto tu. Maharage yaliyopashwa joto pasipo kuchemka huweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu:

1. Chagueni maharage, yaosheni, yalowekeni kwa saa zisizopungua 5. Kulaza usiku kucha ni bora zaidi.
2. Mwageni maji ya kulowekea. Msiyapikie.
3. Wekeni maji mapya, yatokoteni kwa nguvu katika sufuria ya kawaida. Dakika 10 za kutokota ni kiwango cha chini kabisa. Sisi tunashauri dakika 30.
4. Endeleeni kuyapika mpaka yalainike ndipo yaingie katika chungu cha polepole. Ipo sababu ya pili: uchachu wa nyanya huyazuia maharage yasilainike. Yakiingia magumu, yatatoka magumu.

Maharage ya kopo yamekwisha kupikwa kiwandani, hivyo hayahitaji hatua hizi.

Nyama: moto wa polepole unaifaa, lakini chagueni kabla ya kulipa

Kwa nyama ya nguruwe chungu hiki ni rafiki. Nyama ya bega, ambayo ikichomwa haraka hubaki ngumu, hapa hulainika na kuiva mpaka ndani. Nyama iliyoiva hivyo ni salama kuliko ile inayochomwa kwa pupa, nje imeungua na ndani ingali na wekundu. Hatari ya nyama huanzia machinjioni na buchani, kabla haijafika chunguni.

Mdudu ninayemzungumzia ni tegu wa nguruwe. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu, na mayai hayo hugeuka vilengelenge ndani ya nyama yake. Binadamu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake. Hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi, kwa sababu mtu huyo naye hutoa mayai katika kinyesi chake. Akitoka msalani bila kunawa kwa sabuni, akashika chakula, mayai humwingia mwingine. Mayai yanayomezwa huweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika maeneo mengi ambako ugonjwa huu umeshamiri, takribani asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hii.

Ndiyo maana nilisema jambo hili linamhusu hata asiyekula nguruwe. Anayekula matembele yaliyomwagiliwa maji machafu, au kachumbari ya mpishi asiyenawa mikono, yumo hatarini. Sisi wa bonde hili tuliyaona maji ya Januari 2014, yalipoharibu daraja la Mto Mkundi na kukata barabara ya Dodoma. Mafuriko ya namna ile hayachagui: huchukua vilivyomo vyooni na kuvimwaga mashambani. Na tusimnyanyapae mwenye kifafa kwa kudai amerogwa. Apelekwe hospitali.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, anunue nyama iliyokaguliwa, yenye muhuri wa mkaguzi. Ana haki ya kuomba aonyeshwe muhuri huo. Pili, aitazame nyama ilipokatwa: akiona vilengelenge vyeupe, vya ukubwa wa punje ya mtama hadi njegere, asinunue, na amjulishe ofisa mifugo au ofisa afya. Tatu, aogope bei ya kutupa. Homa ya nguruwe ya Afrika inapoingia mahali, wapo wanaowahi kuchinja wanyama wagonjwa. Ugonjwa huo hauambukizi binadamu, lakini mabaki ya nyama hiyo yakilishwa nguruwe wengine humaliza mabanda ya kijiji kizima. Nne, atazame mizani: iwe na stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na mshale usimame kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa.

Wapo wanaoamini kwamba pilipili kali, limau au bia huua wadudu ndani ya nyama. Si kweli. Viungo hubadilisha ladha. Kinachoua ni joto, nalo lifike nyuzi 71 katikati ya nyama. Asiye na kipimajoto akate kipande kinene zaidi: kusiwe na wekundu, na maji yanayotoka yawe meupe.

Msitie nyama iliyoganda katika chungu cha polepole. Itakaa muda mrefu katika uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60, ambamo bakteria huzaliana kwa kasi. Iyeyusheni kwanza ndani ya friji. Na kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Bia: mwambieni mlaji

Bia huleta uchungu kidogo na harufu ya shayiri inayopatana na mafuta ya nguruwe. Chupa moja ya nusu lita inatosha kwa kilo moja ya nyama. Ikizidi, uchungu hushinda ladha nyingine. Chagueni bia isiyo chungu sana, na kabla ya kuifungua tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya ubora ya TBS, na stempu ya kielektroniki ya TRA. Gongo lisitumike kabisa: hakuna ajuaye kilichomo, na mvuke wake huweza kushika moto.

Watu husema kilevi chote hupotea kikipikwa. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha vingine. Katika chakula kinachochemka taratibu huku kikikorogwa, baada ya saa 1 hubaki takribani asilimia 25 ya kilevi kilichotiwa. Baada ya saa 2, asilimia 10. Baada ya saa 2 na nusu, asilimia 5. Katika chungu kilichofunikwa, mvuke hugonga kifuniko na kurudi ndani, hivyo msitarajie kipungue kwa kasi hiyo. Njia nzuri ni kuichemsha bia peke yake katika sufuria iliyo wazi kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuitia chunguni.

Hata hivyo kiasi kidogo hubaki. Kwa Mwislamu, kwa mama mjamzito, kwa mtoto, kwa mtu aliyeacha pombe na anapambana asiirudie, kiasi kidogo si neno la kumwamulia. Aamue mwenyewe. Kwa anayeuza chakula, wajibu wake ni kusema wazi, kwa mdomo na kwa maandishi ubaoni: "Chakula hiki kina nyama ya nguruwe na bia." Kwa anayepika nyumbani, amwambie mgeni kabla hajanawa mikono. Asiyetaka bia atie supu ya mifupa kiasi kilekile, na chakula hakitaharibika.

Namna ya kupika, kwa watu 6

Mahitaji: nyama ya nguruwe ya bega kilo 1, maharage mekundu makavu robo kilo, nyanya mbivu nusu kilo, vitunguu maji 3, kitunguu saumu 1 kizima, pilipili hoho 2, pilipili kali 1 au 2, nyanya ya kopo vijiko vikubwa 2, binzari nyembamba kijiko kikubwa 1, kipande kidogo cha mdalasini, bia nusu lita, mafuta na chumvi. Mdalasini na pilipili manga za milima ya Uluguru, kutoka Kinole na Matombo, zinafaa sana hapa.

Usiku: lowekeni maharage. Asubuhi: yachemsheni kama nilivyoeleza mpaka yalainike.

Kateni nyama vipande vya ukubwa wa kidole gumba viwili. Ikaangeni kwa mafuta kidogo mpaka ipate rangi ya kahawia, kisha itoeni. Katika mafuta yaleyale kaangeni vitunguu, saumu na hoho. Tieni binzari, mdalasini na nyanya ya kopo, koroga kwa dakika 1 au 2. Ongezeni nyanya zilizokatwa, zichemke mpaka zivunjike.

Hamishieni vyote katika jiko la polepole vikiwa bado vya moto: nyama, mchuzi, maharage, bia iliyochemshwa, pilipili na chumvi. Chombo kijae nusu hadi theluthi mbili tu. Wekeni moto mkubwa kwa saa ya kwanza, kisha moto mdogo kwa saa 6 hadi 7. Au moto mkubwa kwa saa 4 hadi 5 kwa jumla. Msifunuefunue kifuniko, kwani kila mkifunua joto hushuka na muda wa kuiva huongezeka. Nyama ikichambuka kwa mwiko, imeiva. Kuleni kwa ugali, wali au ndizi.

Umeme ukikatika, na kiporo kikibaki

Umeme ukikatika mkiwapo nyumbani, hamishieni chakula mara moja kwenye gesi au mkaa mkimalizie. Ukikatika wakati hamkuwapo, na hamjui ulikatika kwa muda gani, chakula ambacho hakikuwa kimeiva kimwagwe. Najua inauma kumwaga kilo moja ya nyama. Lakini jiko likirudi kuwaka halitawaambia lilizima kwa saa ngapi.

Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawanyeni katika vyombo vifupi kipoe upesi, kisha kiwekwe kwenye friji. Kesho yake kipasheni katika sufuria mpaka kitokote. Jiko la polepole halifai kupashia kiporo. Na makombo ya chakula hiki asilishwe nguruwe.

Haki yako ina nguvu ukiwa na ushahidi

Mnaponunua jiko, dai risiti ya EFD, karatasi ya maelekezo na dhamana ya muuzaji, na tazameni alama ya ubora. Mkiugua baada ya kula, nendeni kwanza kituo cha afya. Andikeni mlikula nini, saa ngapi, na dalili zilianza saa ngapi. Hifadhini sehemu ya chakula kilichobaki kwenye chombo safi ndani ya friji, pamoja na risiti au pakiti. Kisha mjulisheni ofisa afya wa kata. Malalamiko ya ubora wa chakula kilichosindikwa na vifaa yafikishwe TBS. Ya vipimo, Wakala wa Vipimo. Ya nyama, ofisa mifugo. Ya udanganyifu katika biashara, Tume ya Ushindani.

Ushahidi humlinda mlaji, na humlinda pia muuzaji mwaminifu. Laiti siku ile ningeandika saa tuliyokula na saa tuliyoanza kutapika, mtaalamu yeyote angeniambia nitazame sufuria yangu kabla ya kumwendea yule mzee.

Kwa mama lishe aliyeuliza swali, narudia jibu kwa maneno machache. Nenda sokoni, mama, chungu kitakungoja. Lakini chemsha maharage kabla hujaondoka, nunua nyama yenye muhuri, na andika ubaoni kilichomo chunguni.

Sasa nipo tayari kwa maswali.